Dohani Iliyotazama Ng'ambo

Kila asubuhi Shadia alianza kazi kwa maji. Kabla ya salamu ndefu na kabla ya chai, alipanda jukwaa la miti lililoizunguka dohani, akaondoa magunia yaliyoifunika usiku, akachovya brashi kwenye ndoo na kuyalowesha maungio ya matofali aliyoyajaza jana yake. Chokaa, walivyofundishwa chuoni, ni kama mtoto mchanga: haitaki jua, haitaki upepo, haitaki haraka. Aliipenda saa hiyo kwa sababu hakuna aliyemsemesha. Chini yake lilikuwa paa la vigae, mbele ya paa hoteli ya ghorofa iliyojengwa juzijuzi, na juu ya bega la hoteli yalionekana maji ya ziwa Kivu. Ng'ambo ya maji na mpaka zilikaa nyumba za Nguba, upande wa Bukavu, karibu kiasi kwamba siku isiyo na ukungu uliweza kuziona nguo zilizoanikwa.

Jumanne hiyo alikuwa na huzuni. Kwa siku kadhaa chokaa ilikuwa ikimfia mikononi. Jioni aliiacha imekaa vizuri, asubuhi akaikuta imekauka kama unga wa muhogo. Ukiigusa kwa kidole, inamwagika. Alikuwa ameulaumu mchanga. Akailaumu chokaa yenyewe, iliyotoka Nyakabuye kwenye magunia. Sasa alikuwa amefika mahali pa kujilaumu mwenyewe. Akasogeza uso kwenye tundu la tofali moja walilolitoa ili kuchungulia ndani, huenda jibu liko huko.

Dohani ikakohoa. Majivu yalitangulia, kisha moshi mzito wa mikaratusi ukampiga machoni. Brashi ikamtoka mkononi ikadumbukia tunduni, na Shadia akashika mti wa jukwaa, machozi yakimtiririka.

"Enjenia!" sauti ya Hamdani ilipanda kutoka chini. "Vipi huko? Roma wamepata Papa mpya?"

Hamdani alikuwa baba yake mdogo, fundi mwashi wa Kamembe aliyeshika mwiko kabla Shadia hajazaliwa. Mzaha ulimtoka kama jasho.

Shadia alishuka, akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akaingia sebuleni. Mwenye nyumba, Maman Védastine, alikuwa amepiga magoti mbele ya meko akipuliza moto. Ni mama mnene wa umri wa miaka sabini hivi, mpole, mwenye sauti ya chini kuliko hata ya Shadia.

"Karibu, mwana wangu. Chai iko tayari."

"Maman... tulikubaliana kuhusu moto."

"Eee. Tulikubaliana."

"Moto unaikausha chokaa kabla haijashika."

"Njo hivyo. Inakauka." Maman Védastine alitikisa kichwa kwa masikitiko, kana kwamba wanazungumzia kosa la jirani. "Weye njo unajua hiyo kazi."

"Na siku nyingine zote... ulikuwa unawasha?"

"Kidogo tu. Alfajiri, mbele hamujafika." Akainua birika na kuyamwagia magogo maji. Meko yakalia chwaa. "Leo nimechelewa kuamka. Sawa, mwana wangu. Sitawasha tena."

Shadia alisimama pale, akiwa amepata jibu la fumbo moja na kukabidhiwa lingine kubwa zaidi. Jikoni kulikuwa na mbabula wa makaa, hata na jiko la gesi. Ulikuwa mwezi wa nane, kiangazi, hata mbwa walitafuta kivuli. Sasa mtu anaamka alfajiri kuwasha moto wa magogo sebuleni kwa ajili gani? Alitaka kuuliza. Akasema asante kwa chai.

Kazi yenyewe haikuwa na fumbo. Nyumba ilijengwa enzi za Wabelgiji, kisha Mzee Muderhwa, baba yake Védastine, mfanyabiashara wa kutoka Bukavu, akainunua. Dohani yake ilijengwa kwa matofali laini ya kuchoma na chokaa, na ilisimama bila taabu hadi miaka ya karibuni, fundi mmoja alipoirefusha kwa kimo cha mtu mzima, kwa matofali mazito na saruji. Mzigo huo ulikaa juu ya dohani ya zamani kama pipa la maji juu ya kichwa cha mtoto. Fundi huyohuyo alizipaka nyufa za chini saruji. Saruji ikafungia maji ndani, nyuso za matofali zikabambuka kama mkate wa juzi. Masika yaliyopita vipande vilianguka na kutoboa paa. Mvua zingerudi mwezi wa tisa. Dohani ikizikuta katika hali ile, itabomokea yote ndani, na chini yake kabisa kilikuwa chumba ambamo Maman Védastine analala.

Kwa hiyo mpango ulikuwa kuupa mwili wa chini nguvu, halafu kuushusha mzigo wa juu. Donatien, mtoto wa Maman aliyekuwa Kigali na ndiye aliyempa Shadia kazi, ya kwanza kwa jina lake mwenyewe, alimtumia picha ya zamani: dohani fupi, nene, yenye kola ya matofali shingoni. "Iwe hivi hivi," alisema. Alitaka kupokea wageni, na wageni wanapenda nyumba iliyo kama ilivyokuwa. Ingewezekana kuirefusha tena, kwa matofali mepesi na chokaa, bila hatari. Shadia alikuwa hata amechora jinsi ya kufanya, kwa kupenda tu. Lakini hakuna aliyeuliza, na yeye hakuwa mtu wa kusema asichoulizwa.

Mchana wakaanza kuyashusha matofali ya juu, moja moja kwa kamba. Maman Védastine alitoka akasimama barazani, kiganja juu ya macho.

"Itabakia urefu gani?"

"Kama kwenye picha, Maman."

"Ya kwenye picha inafika wapi?"

Shadia alimwonyesha kwa mkono. Mkono uliishia chini ya paa la hoteli ya jirani. Maman aliutazama mkono, akaitazama hoteli, akautazama tena mkono.

"Sawa," akasema. "Kama kwenye picha."

"Nani aliirefusha, Maman?"

"Fundi mumoja."

"Alikuwa anataka nini?"

"Ah, mwana wangu. Bafundi banajenga tu." Akaingia ndani. Saa saba akawatumia sombe ya majani ya muhogo na visamaki vya sambaza vya kukaanga, sahani zimejaa mpaka zinamwagika. Yeye hakuonekana akila.

"Amekasirika," Shadia alimnong'oneza Hamdani.

"Amesema sawa."

"Ndiyo, amesema sawa! Mara ngapi leo? Sasa kwa nini nahisi nimempiga kofi?"

Hamdani alilamba mafuta ya sambaza kwenye kidole gumba. "Wewe umesoma mpaka ukafika mbali, ukaipita nyumba yenu. Marehemu nyanya yako akiletewa chakula asichokitaka alifanya nini? Alisema sawa. Anapokea sahani, anaishika mpaka inapoa. Sawa ya wakubwa si ndiyo, binti. Ni 'nimekusikia' tu."

"Basi hapana yake ikoje?"

"Ya Maman huyu? Sijawahi kuisikia." Akafikiri kidogo. "Naona hata yeye mwenyewe hajawahi."

Kesho yake Maman Védastine alitimiza ahadi. Meko ya sebuleni yalikuwa yamefagiliwa, baridi kama kaburi. Ila moto ulikuwa umehamia nje. Aliuwasha uani, na si karibu na jiko wala karibu na bomba la maji, bali mwishoni kabisa, kwenye kona yenye upepo, pale ulipobaki mwanya kati ya ukuta wa hoteli na miti ya jirani. Kupitia mwanya huo kulionekana kipande cha maji, chembamba kama utepe. Aliutupia moto majani mabichi, moshi ukapanda hatua mbili, upepo wa ziwa ukaukamata na kuubandika kwenye ukuta wa hoteli. Akaongeza majani. Upepo ukafanya vilevile.

"Maman, unapika?" Shadia aliuliza.

"Hapana... nasikia baridi kidogo." Jasho lilikuwa likimtoka kwenye kipaji cha uso.

Hakuuacha uzimike kutwa nzima. Jioni, wafanyakazi waliposhuka, aliwawekea viti na mabenchi kuuzunguka moto, akawamiminia chai ya maziwa. Wakakaa kimya kidogo kama watu waliochoka wanavyokaa, wamejifunga majaketi, miali ikiwacheza usoni. Siku ya Alhamisi ikawa hivyohivyo.

"Hii sasa," Hamdani alisema, akinyoosha miguu, "kitu kinachokosekana hapa ni maiti tu."

Waliokuwepo wakacheka. Mkono wa Maman Védastine ulisimama hewani na birika, chai ikatiririka nje ya kikombe. Alifuta meza, akajaza kikombe upya, akaenda kusimama kwenye ule mwanya na kutazama maji mpaka giza likamficha.

Usingizi wa Shadia siku hiyo ulikuwa wa vipandevipande. Alifanya jambo ambalo kwake lilikuwa zito kuliko kubeba saruji: alimpigia Donatien simu bila kupigiwa.

"Samahani, kaka. Maman wako anataka nini hasa?"

"Maman? Anataka kila kitu kiwe kizuri. Nimezungumza naye, kasema sawa."

"Kuna mtu wake ng'ambo? Anapenda kutazama huko."

"Kuna maman mkubwa, Véronique. Anakaa Nguba. Hawasemezani." Donatien alivuta pumzi. "Nyanya alifia hapo nyumbani wakati wa korona, daraja la mpakani limefungwa. Maman akamzika bila yeye. Maman Véro akasema kwenye simu, 'Umemzika mama yangu kama kuku. Usinipigie tena mpaka nife.' Naye unamjua, ukimwambia usipige, hapigi. Lakini hayo ni ya familia, Shadia. Wewe nimalizie shemine, hiyo dohani."

Shadia akabaki ameishika simu iliyokwisha kukatika. Alikuwa amepewa kipande kingine, nacho hakikuingia popote. Ugomvi, moto, hoteli, baridi ya mwezi wa nane. Alijaribu kuvipanga kama matofali, kila safu ikapinda.

Ijumaa asubuhi walikuwa wanajenga kola ya shingo, Hamdani akiwa na haraka ya kumaliza kabla ya sala, lango lilipogongwa kwa nguvu na kufunguka kabla ya kufunguliwa. Aliingia mama mrefu, mkavu, amejifunga kitambaa cheusi kichwani na kingine kiunoni. Nyuma yake mchukuzi wa mpakani alikuwa amepinda chini ya mzigo wa kuni na mfuko wa unga. Yule mama hakusalimu. Alisimama katikati ya uwanja, akaweka mikono kichwani, akapasua sauti.

"Védaaa! Véda wangu, umeniacha na nani!"

Mwiko wa Hamdani ulianguka na kulia kwenye vigae hadi chini. Shadia alishuka jukwaa mbio.

"Maman, pole... kuna nini?"

"Banamuzika lini?" Yule mama alimkamata mabega. "Niambie ukweli, mutoto! Ao mumekwisha kumuzika? Mumenifanyia tena vilevile?"

"Kumzika nani?"

"Ndugu yangu!"

Nyuma ya nyumba kulisikika kandambili zikiburuzwa. Maman Védastine alijitokeza kwenye pembe, amekumbatia rundo la majani mabichi ya mkaratusi, kwa ajili ya moto wake wa konani. Alimwona mgeni. Majani machache yakamdondoka.

Kisha juu ya jukwaa Hamdani akasema taratibu, "Haya. Marehemu amekuja mwenyewe."

Maman Véronique alimwachia Shadia mabega, lakini hakumsogelea ndugu yake. Alikazana kumtazama Shadia, kana kwamba uwanjani hapakuwa na mtu mwingine.

"Umuulize huyu maman kama yeye ni muzima."

Shadia aligeuka. "Anauliza..."

"Umwambie niko muzima," alisema Maman Védastine, naye akimtazama Shadia.

"Anasema yuko mzima."

"Nimesikia, sina uziwi! Umwambie tangu juzi shemine haitoe moshi. Jana na juzi jioni kuko moto inje, pale pembeni ya hoteli, na bantu banauzunguka, banakaa kimya. Sasa muntu aelewe nini?"

Hapo Shadia akaelewa. Bila shaka. Mtoto gani wa pande hizi hajui? Nyumba yenye kilio huwasha moto uani, majirani wakaja kuuzunguka jioni kumfariji mwenye msiba. Na yeye alikuwa amekaa hapo hapo akinywa chai, Hamdani akafanya mzaha, wakacheka. Ni yeye aliyeyazima meko. Kutoka ng'ambo ya maji, alikuwa amemuua Maman Védastine kwa chokaa.

"Umuulize," alisema Maman Védastine, na sauti ilikuwa imeanza kumwacha, "alijua namna gani shemine haitoe moshi?"

"Mimi niko na macho!"

"Umuulize anaitazama tangu lini."

Maman Véronique alivuta kitambaa chake kiunoni, akakifungua, akakifunga tena. "Tangu kilio cha mama," akamwambia Shadia. "Kila asubuhi, mbele ya kusali. Hoteli ilipopanda ikanifichia, nikasema basi, imekwisha. Halafu shemine nayo ikapanda."

Mkono wa Shadia, uleule uliomwonyesha Maman urefu wa kwenye picha, ukamwia mzito. Safu zote zilizokuwa zimepinda zikanyooka zenyewe. Juu yao dohani ilisimama fupi, nene, imevaa nusu ya kola yake mpya, nzuri kabisa kwa wageni. Haikuona hata ukingo wa maji.

"Umwambie..." alianza Maman Védastine, akanyamaza. "Shadia, umwambie..."

Shadia alisimama kati yao kama ukuta uliojengwa mahali pasipotakiwa ukuta. Maisha yake yote alikuwa mpokeaji wa maneno ya wengine, akiyabeba anakotumwa na kuyarudisha bila kupunguza. Alitazama chini, kwenye viatu vyake vyeupe kwa chokaa.

"Mama zangu, mnisamehe," akasema. "Hili silibebi. Amesimama hapo, Maman. Mwambie wewe." Na miguu ikamtoa katikati, hatua mbili pembeni, hadi mgongo wake ukagusa ngazi.

Upepo ulipita kwenye majani yaliyokuwa kifuani mwa Maman Védastine. Hakuwa na mtu wa kumtazama tena isipokuwa yule aliyekuja kumlilia. Alifungua mikono, majani yakaanguka yote miguuni.

"Hapana," alisema.

Hamdani, juu, akainamisha kichwa asikie vizuri.

"Hapana, Shadia. Ile ya kwenye picha siitaki. Nilisema sawa, lakini siitaki. Nataka ipite hoteli, kama ilivyokuwa mbele. Donatien nitamwambia mimi mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ndogo kama siku zote, lakini haikurudi nyuma. "Ni mimi nilimwambia yule fundi airefushe. Yaya Véro, dada yangu mukubwa, ulinikataza kupiga simu. Moto haukunikataza. Mama alipolala nilikuwa peke yangu, daraja limefungwa, sikuwa na wa kunishika mukono. Nikawasha kesho yake, na kesho yake, nikisema labda ataona, labda hataona. Haikuwa baridi. Nilikuwa nakuita, yaya. Kila asubuhi nilikuwa nakuita."